Fimbo ya Mti Uliozama

Mshiko wa fimbo ulikuwa na unyevu. Kinyozi aliufuta kwa kitambaa, akaufuta tena kwa pindo la shati, kisha akautazama. Matone madogo yalirudi palepale, kama jasho kwenye paji la mgonjwa.

"Vanishi haijakauka," alijisemea.

Fimbo hiyo ya kuvulia alikuwa ameingojea kwa hamu. Aliyemtengenezea ni rafiki yake seremala, mtu mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Msumari. Aliipima kwa mkono wa kinyozi mwenyewe: ufito mwepesi unaopinda bila kuvunjika, pete ndogo za kupitishia mshipi, kigurudumu cha kuuzungushia, na mshiko wa mbao nyeusi uliomkaa kiganjani kana kwamba amezaliwa nao. Ilikuwa fimbo ya besi, wale samaki wakorofi wa bwawani wenye mdomo mpana, ambao ukimnasa mmoja anaruka juu ya maji akitikisa kichwa kama mtu anayekana mashtaka.

Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea palepale sebuleni, aliinua macho kutoka kwenye mshono.

"Ndiye huyu mke mwenza niliyesikia sifa zake? Mbona ameingia nyumbani analia?"

Wakacheka.

Siku ya mapumziko kinyozi aliondoka asubuhi kwenda kuijaribu. Maji ya bwawa yalikuwa yamepungua, na katikati kilionekana kisiki cha mti mkubwa uliozamishwa bwawa lilipojengwa. Kilikuwa kimekatwa karibuni. Akarusha chambo, kisamaki cha mpira chenye ndoana tumboni, na kabla hakijazama fimbo ikapinda. Akajikaza kwa vurugu anazozijua. Vurugu hazikuja. Samaki alivutika taratibu, mzito, kama nguo iliyoloa, na alipofika ukingoni kinyozi aliona ni besi mnono kuliko wote aliowahi kuwapata. Macho yake yalikuwa meupe. Alikuwa wa baridi, maiti ya tangu jana.

Akarusha tena. Vilevile. Akarusha tena, na safari hii ndoana haikuwa imemshika samaki popote. Alikuwa ameusindikiza mshipi tu.

Mvuvi husikia kwa vidole. Kinyozi alisikia, kupitia ule mshiko, kwamba mwisho wa mshipi palikuwa na mkono. Ulivuta kidogo, ukalegeza, ukavuta tena, kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla hajakinunua. Alikusanya vyombo vyake, akawaacha samaki kwenye majani, na nyumbani akasema hakupata kitu.

Fimbo akaisimamisha kwenye kona ya sebule.

Harufu ilianza siku iliyofuata. Ilikuwa harufu ya tope la chini kabisa, tope lisilowahi kuona jua. Mkewe alipiga deki, akafungua madirisha, akatoa mazulia nje, harufu ikabaki. Kisha zikaja sauti. Cherehani ikinguruma hakusikia kitu, lakini kila aliponyanyua mguu kwenye kanyagio, kigurudumu cha fimbo kilikuwa kinamalizia kuzunguka. Krik, krik, krik. Kimya.

"Mume wangu," alimnong'oneza kinyozi aliporudi kula mchana, "ile fimbo yako inakunja mshipi wakati haipo mikononi mwa mtu."

"Ni upepo."

"Upepo gani wa ndani ya nyumba?"

Kinyozi alikuwa anamtazama mdomo. Pembe ya mdomo wa mkewe ilikuwa imevutika kuelekea shavuni, na ngozi pale ilikuwa imeinuka, imechongoka, kama kitambaa kilichonaswa na msumari, na kichwa chake kikaanza kugeuka kuufuata ule mvuto, na kwenye kona ncha ya fimbo ikainama, ikainuka, ikainama tena, na mwanamke yule, macho yamemtoka na mikono imeng'ang'ania meza, akaanza kuburutwa hatua kwa hatua kuelekea mlangoni, miguu ikikwaruza sakafu, bila kupiga ukelele, maana kila alipotaka kufumbua mdomo kilichotoka kilikuwa maji.

Kinyozi alimkumbatia kiunoni. Kwa wembe wa kazini akaukata mshipi. Mshipi ukadondoka, na mkewe akaendelea kuvutwa.

Kigurudumu kilipoacha kuzunguka, wote wawili walianguka chini.

Alimwita Msumari, na Msumari alipoona lile shavu alikaa chini bila kukaribishwa.

"Mbao ulitoa wapi?" kinyozi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ule mti wa bwawani. Maji yalipopungua nilikwenda na msumeno. Nilitaka mbao ngumu, ndugu yangu. Nilitaka ikudumu."

Ni Msumari aliyemleta mkunga mstaafu, bibi ambaye watu walimwendea kwa maradhi ambayo hospitali haikuyapa jina. Bibi hakuigusa fimbo. Alinusa hewa, akamshika mgonjwa kidevu.

"Mti ule ni nyumba ya jini," alisema. "Mmebomoa nyumba yake mkaichonga chombo cha kuvulia. Naye kakipenda. Sasa anakijaribu."

"Tumrudishie?"

"Mrudishie leo, jua likiwa juu. Lakini, mwanangu, ukifika pale usimwahidi kitu. Omba msamaha, nyamaza."

Walikwenda wote wanne. Mkewe hakuhitaji kushikwa mkono. Alitembea mbele, kidevu kimetangulia, wakimfuata kwa mwendo wa haraka. Bwawa lilikuwa limetulia tuli. Bibi akasoma dua zake, na kinyozi akaingia majini mpaka magotini, akailaza fimbo juu ya maji, akaomba msamaha kwa niaba yake na rafiki yake.

Mkewe akafumbua mdomo. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, imejaa tope.

"Fimbo nimeipokea. Samaki ni wangu. Mvuvi gani humwachia samaki aliyekwisha kumnasa?"

Akapiga hatua majini. Msumari na bibi walimdaka kanga, ikabaki mikononi mwao. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, naye hakuwa anazuia pumzi, alikuwa anayanywa, na kinyozi aliyekuwa akimvuta kwa nguvu zake zote alihisi kwamba mkono ulioko upande wa pili haukuwa hata umeanza kuchoka.

"Mwachie," alisema. "Nishike mimi."

"Usiseme," bibi alimkataza, akiwa amechelewa.

Fimbo ilisimama wima juu ya maji, ikazama polepole hivyohivyo, ncha mwisho. Mkewe akalegea, akatapika, akalia kwa sauti yake mwenyewe. Kinyozi alimbeba hadi nchi kavu. Alipotaka kumwambia yamekwisha, alihisi kitu chembamba, cha baridi, kikijichomeka taratibu ndani ya shavu lake.

Bibi alilitazama lile shavu. "Hameni," alisema. "Nendeni ambako hakuna bwawa wala mto."

Walihamia mji wa mlimani, ambako maji hupatikana kwa mapipa. Akafungua duka la kunyolea upya, naye mkewe akaweka cherehani yake mlango wa pili. Wateja walimpenda kinyozi. Miezi ikapita, na wakaanza kucheka tena wakati wa chakula.

Mchana mmoja mkewe alisikia mtu akiita: "Mama, njoo umwone mumeo." Mteja alikuwa amekaa kitini, povu upande mmoja wa uso. Kinyozi hakuwepo. Alimkuta katikati ya barabara, amevaa aproni, wembe mkononi, shavu limechongoka kuelekea kule walikotoka, visigino vikichimba vumbi.

Mkewe alimzungushia mikono kiunoni, akafunga vidole, akaikita miguu kwenye kokoto, na wakasimama hivyo, magari yakiwapigia honi, mpaka jasho likamwingia machoni na mabega yake yakaanza kutetemeka.

Kisha shavu likarudi mahali pake.

"Amelegeza," kinyozi alisema, akihema.

"Amekuachia?"

"Hapana. Amelegeza tu."

Mkewe hakufungua mikono.