Kamera ya Nyuma

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi umeme wa magari, na tangu siku ile hataki kusimama nyuma ya gari lolote.

Mzee mmoja alimletea vani kuukuu, akitaka kamera ya nyuma. Mvua ilipiga mabati, karakana ikawa giza. Fundi alishafunga skrini mbele kwa dereva, akaja kuchuchumaa nyuma, kati ya gari na ukuta.

"Tia gia ya nyuma, baba, nipime kama umeme unafika kwenye taa."

Gia ikakwaruza. Kisha sauti ya mzee ikaja kutoka kwenye usukani.

"Fundi, binti yangu yuko hapo nyuma, namwona kwenye skrini. Mwambie asogee, nisimkanyage tena."

Rafiki yangu akageuka. Alikuwa peke yake. Na kamera yenyewe ilikuwa bado mfukoni mwake.