Nishikie Taa Hii Mara Moja Tu

"Nishikie taa hii mara moja tu, mdogo wangu. Mkono umekufa ganzi."

Nikaishika.

Yule dada akaruka nyuma kama aliyeunguzwa na moto. Akaitazama mikono yake mitupu. Akacheka... halafu akaanza kulia.

"Nisamehe," akasema. "Sasa ni yako."

Jamani! Nilijaribu kuitupa ile taa. Vidole vimeganda kwenye mpini kana kwamba vimegundishwa!

Ngojeni niwaeleze tangu mwanzo, maana najua wapo watakaosema, "Hasina leo amekunywa nini?"

Naishi Ukunda, chumba kimoja na ua mdogo. Siku ile mwanangu Nassir alikuwa ametimiza arobaini. Mume wangu, Abdulaziz, aziba matairi ya malori kule Mackinnon Road. Mama mkwe alinikanda wiki mbili za mwanzo akarudi kwake.

Nikabaki mimi, mtoto na nepi.

Watu walipita, siwezi kusema uongo. Lakini wote walisema, "Mama Nassir, mtoto hajambo?" Hajambo. Basi, wamekwenda. Hata baba yake akipiga simu huanza hivyo hivyo, "Mama Nassir, mtoto vipi?"

Mwenyewe sikuwa nimetambua kitu.

Alasiri ile Nassir amelala. Nikatoka kuanika. Nikainama nipite chini ya shuka nililokuwa nimelianika, kibanio cha nguo bado nimekiuma kwa meno...

Nikatokea upande wa pili. Haukuwa ua wangu!

Ukumbi mkubwa. Watu wamevaa majoho. Mzee mmoja, waziri wao, akainua fimbo.

"Shujaa amefika!"

Wakashangilia. Kisha wakaniangalia vizuri...

"Huyu?" mmoja akauliza. "Huyu mwenye dera limeloa?"

"Ananuka maziwa!"

"Tuliomba mtu asiyeitwa jina lake na yeyote. Huyu ana mtoto!"

Waziri akanisogelea. "Mtoto wako ana siku ngapi?"

"Arobaini."

"Anajua kusema?"

"Wapi!"

"Basi hawezi kukuita. Utafaa."

Wakanipeleka ukutani. Nje ya ule ukuta kulikuwa na giza. Si giza la usiku, hapana. Giza linalokula. Huko nyuma lilikwisha kumeza kijiji kizima, minazi na mbuzi na watu. Ni taa moja tu iliyolizuia, na ilitaka mtu wa kuishika siku zote.

"Mbona hamuishiki wenyewe?" nikamwuliza waziri.

Akanishangaa kama nimemtukana.

"Sisi tuna watu wetu."

Wakaondoka. Pale ndipo nilipomkuta yule dada na taa yake, kichwa kimejaa mvi, uso bado wa kijana. Nilifurahi kusikia Kiswahili cha kwetu! Na yeye akanipokea kwa, "Mara moja tu, mdogo wangu."

Sasa yeye amejinyoosha chini, nami nimesimama.

"Miaka kumi na mmoja sijalala chini," akasema. "Naitwa Mwanatumu. Kwetu Msambweni. Nilikataa mume niliyechaguliwa, baba akaapa jina langu lisitajwe tena nyumbani. Siku ya arobaini nikajikuta hapa."

"Watu hurudi?"

"Ukiitwa jina lako kwenu, mlango hufunguka. Lakini upite mikono mitupu. Na hiyo taa haibanduki mpaka mwengine aishike kwa hiari yake." Akanigeukia. "Wewe nani atakuita?"

Nikafikiri.

Mama yangu amefariki. Mume? Mama Nassir. Mama mkwe? Mama Nassir. Jirani yangu Kache? Mama Nassir.

Nikatafuta mtu mmoja, mmoja tu, anayeniita Hasina...

Nikakosa.

Wasomaji wangu, nimewahi kulala na njaa, na nimewahi kuzika mzazi. Upweke wa dakika ile sijawahi kuuona.

Kisha maziwa yakaanza kutoka yenyewe. Yakapenya dera, yakadondoka. Nikajua Nassir ameamka, analia, na nyumbani hakuna mtu!

"Mwanangu..." nikasema. "Dada, mwanangu yuko peke yake!"

Mwanatumu akageuza uso.

Ndipo nikaisikia sauti. Mbali, kali kidogo, yenye lafudhi ya bara.

"Hasina Suleiman?"

Mwalimu Eunice! Darasa letu la jioni la watu wazima! Lilifungwa paa likitengenezwa, na jioni ile ndiyo limefunguliwa. Nilikuwa nimesahau kabisa!

Mtu akajibu, "Alijifungua, mwalimu. Harudi huyo. Mkate jina."

"Simkati. Hasina Suleiman!"

Shuka langu likatokea mbele yangu, linapepea. Nikakimbia... taa ikanizuia. Shuka likaanza kufifia.

Mwanatumu akalitazama dera langu lililoloa. Akasimama polepole, kama mtu anayeamshwa kwenye usingizi mtamu.

"Lete."

"Na wewe?"

"Wewe unaitwa. Lete, mtoto analia!"

Akaishika. Vidole vyangu vikaachia.

"Nitakuita!" nikamwambia.

"Jina kamili. Mwanatumu Mwinga. Usisahau."

Nikapita chini ya shuka, nikamkuta Nassir ameiva kwa kulia. Nikamnyonyesha huku nalia mimi.

Kesho yake nikaingia darasani na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba uandike jina jingine kwenye orodha."

"Marahaba. Huyo mwanafunzi yuko wapi?"

"Mbali. Lakini atakuja."

Mwalimu Eunice akanitazama sana. Akaandika. Nikamwekea Mwanatumu kiti karibu na changu.

Kila jioni akaitwa. "Mwanatumu Mwinga?" Kimya. Wenzangu wakanong'ona, "Uzazi umempanda kichwani."

Siku nane.

Siku ya tisa... "Mwanatumu Mwinga?"

"Nipo, mwalimu."

Alikuwa amesimama mlangoni, mvi zake zile zile, mikono mitupu!

Nilimkumbatia mpaka Nassir akalalamika.

"Nilikusikia tangu siku ya kwanza," akaninong'oneza. "Mlango ulifunguka kila jioni. Mikono ndiyo ilikuwa imejaa."

"Na taa je?"

"Waziri alikuja kunikagua. Nikamwambia anishikie mara moja tu."

"Masikini!"

"Masikini wapi? Si ana watu wake? Watapokezana."

Wapendwa, hapo jirani yako kuna mtu ambaye jina lake halijatamkwa siku nyingi. Ni mama wa fulani, au mke wa fulani, au yule wa chumba cha mwisho. Leo mgongee. Mwite jina alilopewa na mzazi wake, na umsubiri aitike.

Mimi nimeanzia kwangu. Jana Abdulaziz alipiga simu.

"Mama Nassir, mtoto vipi?"

"Hajambo. Baba Nassir, mimi naitwa nani?"

Nikasikia lori linapita upande wake, mpaka mlio ukaisha.

"Hasina," akasema. "Hasina... u hali gani?"