Karatasi Niliyoishonea Ndani ya Mto

Sogea unisikilize, wewe ambaye umeandikiwa dawa nzito na bado hujaimeza. Nina miaka arobaini na mmoja. Mimi ni mshonaji, au tuseme nilikuwa mshonaji. Ni mjane, nina binti mmoja, Furaha, wa miaka kumi na mitatu. Nitakueleza polepole, kwa sababu kosa langu halikuwa la kelele. Lilikuwa la kunyamaza tu... Lakini lilinichukulia vidole viwili, na nusura linichukulie mtoto.

Tulitoka Rutshuru vita ilipopamba moto tena. Mume wangu, Baba Furaha, alibeba mashine yangu ya kushonea kichwani kwa siku mbili na akakataa kuitupa. Tulijenga kibanda cha turubai juu ya mawe ya volkano, katika kambi moja nje ya Goma. Huko ndiko alikoanza kukohoa. Wauguzi wa kambi walipima makohozi yake, wakampa karatasi iliyosema ni kifua kikuu. Wakamwambia atameza vidonge kwa miezi sita bila kuruka siku.

Alimeza majuma manne. Kisha mabomu yakaanguka karibu na kambi, tukakimbia tena, na vidonge vikakomea hapo.

Tulifikia Katoyi, mtaa mmoja wa Goma, kwa dada yake mkubwa, Mama Sifa, ambaye anauza sambaza sokoni, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Alitupa chumba kimoja, na akampa kaka yake godoro lake mwenyewe. Hilo silisahau, hata baada ya yote yaliyofuata.

Baba Furaha alizidi kukonda. Nilimsihi arudi kwa wauguzi, akakataa. Unajua kwa nini? Kwetu mtu akikohoa na kukonda, watu wanasema ni karuho, ile sumu wanayodai mtu hukutilia katika kinywaji nawe ukaisha kidogo kidogo. Mwenye karuho analiliwa. Mwenye kifua kikuu anatengewa kikombe chake, watu wanaanza kunong'ona kama hana na ule ugonjwa mwingine, na mwenye nyumba anawaambia mtafute pa kwenda. Mume wangu alikuwa amefukuzwa na vita mara mbili. Hakutaka kufukuzwa mara ya tatu.

Aliniita, akaiweka ile karatasi mkononi mwangu.

"Usionyeshe mutu hii," aliniambia. "Bora baseme ni sumu. Uniapie."

Nikaapa. Alikuwa anakufa... ningemkatalia vipi?

Mama Sifa alimpeleka kwa mganga wa karuho. Akanyweshwa majani ya kutapisha kwa siku tatu. Siku ya tano tulimzika. Nami nilifungua mshono wa mto wangu, nikaitia karatasi katikati ya pamba, nikashona tena kwa mshono mdogo ambao hauonekani.

Katika kuapa nilisahau jambo moja. Sumu inahitaji mtu aliyeitia.

Msiba haujaisha, macho yakanigeukia. Mama Sifa alisema mbele ya watu waliokuja kutupa pole, bila hata kupandisha sauti: "Kaka yangu alikuwa anakula mukono wa nani? Wangu? Miye niko soko tangu asubuhi."

Hakunifukuza. Alichotaka ni Furaha. Aliniambia siku moja tukichambua maharage, kama mtu anayesema habari za mvua: "Mutoto ni wa ukoo wetu. Weye, ukweli utakutoa hapa wenyewe, na utatoka peke yako."

Tangu siku hiyo hakula tena nilichopika. Nikimpa maji, alimwaga mbele yangu akateka mengine. Nami ningeweza kumaliza yote kwa kufungua mto tu! Lakini nilikuwa nimeapa. Na tena niliogopa. Je, akisikia kwamba nilileta kifua kikuu nyumbani kwake, yeye anayeuza chakula, angetubakiza hata siku moja?

Mwaka haujapita, mikono yangu ikaanza kuvimba. Asubuhi vidole vilikuwa vigumu kama kuni, nikawa nashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mama Sifa alicheka. "Mikono iliyofanya kazi mubaya, Mungu anaifunga." Majirani nao wakaanza kuitazama mikono yangu kila nilipoenda kuchota maji.

Nikaenda hospitali moja upande wa Himbi. Kwetu mgonjwa haingii kwa daktari peke yake. Anakuwa na garde-malade, ndugu wa kumshika mkono, kumpikia uji, na pia kumjibia maswali. Wa kwangu angekuwa nani mwingine? Mama Sifa alivaa kitenge chake cha kanisani, akakaa kiti kilichokuwa karibu na daktari.

Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Alinieleza kwamba walinzi wa mwili wangu wamekosea adui, wanapiga viungo vyangu wenyewe. Nilimwelewa haraka. Sisi wa huku hatuna haja ya kuelezwa sana habari za mlinzi anayeigeukia nyumba aliyowekwa kuilinda. Akasema kuna dawa ya kuwapunguza nguvu walinzi hao, dawa nzuri, inayomezwa mara moja kwa juma, wala si kila siku. Jina lake silitaji hapa, kwa sababu sitaki mtu aende kuinunua peke yake, wala mwingine aikimbie kwa sababu yangu.

"Lakini walinzi wakipungua," alisema, "kila adui aliyekuwa amejificha mwilini anaweza kutoka. Ndiyo maana nitauliza maswali mengi kwanza."

Akauliza kama nina mimba au natarajia kupata, kwa kuwa dawa hiyo huharibu mimba. Kama nimewahi kuugua ini. Kama nakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kama natumia dawa za majani. Kama nimechanjwa karibuni. Kama nina homa au kidonda. Kila swali nililianza mimi, Mama Sifa akalimalizia. Kisha likaja lile.

"Kuna mtu nyumbani aliyewahi kukohoa muda mrefu? Bwana yako alikufa na nini?"

Mama Sifa alijibu kabla sijafungua mdomo. "Hakuna mutu anakoholaka kwetu, Docta. Kaka yangu alilishwa sumu. Na aliyemulisha anajulikana." Akanitazama.

Daktari akanigeukia mimi. Alingoja. Naapa kwamba alingoja, muda wa kutosha kabisa kusema neno moja.

Nikatikisa kichwa kwamba hakuna.

Akachukua damu ya kupima ini. Majibu yakarudi mazuri. Akaniandikia dawa, na karatasi nyingine ya kupigwa picha ya kifua, ile tunayoita radio. Akasema wazi: "Radio kwanza. Uniletee niione. Kidonge ni baadaye."

Tulipofika kwenye lango, Mama Sifa aliichukua ile karatasi ya radio, akaigeuza juu chini. "Unaumwa vidole ao unaumwa kifua? Radio ya kifua ni ya nini? Unapenda tu kuzungushwa." Akaikunja, akapangusia jasho.

Ningeweza kumlaumu yeye, na kwa miezi mingi nilimlaumu. Lakini leo nakiri mbele yako... moyoni nilifurahi. Niliogopa picha ile ingesema nilichoapa kukinyamazia. Kwa hiyo tulipita famasi ya kwanza, wakanipa dawa, na Jumapili hiyo nikameza.

Na dawa ilifanya kazi! Hilo pia lazima niliseme. Kwa majuma sita vidole vilifunguka. Nilishona sare za shule za watoto wa mtaa mzima, na Furaha alikuwa akikaa karibu na mashine akiniimbia.

Mwezi wa tatu wa kuimeza, homa za jioni zikaanza. Nikawa naamka nguo zimelowa. Nikaanza kukohoa, kisha kukonda, hadi sketi zangu zikawa zinaanguka. Uliza ni nani aliyetambua kwanza. Ni Mama Sifa, kwa sababu alikwisha kuyaona yote hayo kwa kaka yake.

"Karuho imerudi kwa mwenyewe," aliwaambia majirani. "Mutazame. Vilevile. Sumu yake inajua njia."

Akanipikia majani yale yale ya kutapisha. Nilikunywa mara mbili, juu ya dawa ambayo tayari ililichosha ini langu. Macho yakawa manjano. Furaha alihamishiwa chumba cha shangazi yake, akakatazwa kunikaribia, si kwa kuogopa kikohozi bali kwa kuogopa mkono wangu. Nilimsikia akilia ng'ambo ya ukuta, sikuwa hata na nguvu ya kumwita.

Asubuhi moja Mama Sifa alitoa vitu vyangu uani avianike. Alipoukunguta mto, kitu kikalia ndani. Akauminya. Akaita majirani wawili wanawake.

"Njooni mushuhudie. Sumu yake iko humu. Siku zote hizi iko analala juu yake."

"Angalia isikuguse," alisema mmoja.

"Labda ni barua ya bwana mupya," alisema mwingine, wakacheka.

Nilijikokota hadi mlangoni, nikakaa chini. Mama Sifa alipasua mto kwa kisu cha samaki. Pamba ikamwagika juu ya mawe meusi, na katikati yake ikatoka ile karatasi, imekunjwa mara nne. Aliishika kwa ncha ya kitenge. Hajui kusoma vizuri. Akamwita Furaha.

Mtoto wangu alisoma jina la baba yake kwanza, akasimama. Kisha akasoma tarehe, jina la kambi, na chini, kwa maandishi ya kalamu nyekundu: "Tuberculose."

Neno hilo, kifua kikuu kwa Kifaransa, hakuna asiyelijua Goma. Wale majirani waliacha kucheka. Mmoja alirudi nyuma hatua mbili.

Mama Sifa alikaa juu ya ndoo yake ya sambaza. "Ulijua," aliniambia.

"Nilijua."

"Miye nilimupeleka kwa muganga. Nilishika kichwa chake, bakamutapikisha. Na weye ulikuwa na karatasi ndani ya muto?"

Nilisema kwamba niliapa, kwamba kaka yake mwenyewe alinikataza. Lakini hata masikioni mwangu maneno hayo yalikuwa membamba. Nilijidai nalinda siri ya mume, kumbe nilimwacha afe mikononi mwa dada yake, na dada yake asijue anafanya nini.

Jirani aliyerudi nyuma ndiye aliyeita pikipiki. Furaha alinishika kiunoni mpaka hospitali. Safari hii hapakuwa na garde-malade mwingine.

Daktari aliisoma karatasi. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. "Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta siku ya kwanza," alisema. Akaeleza kwamba ukikaa na mtu wa kifua kikuu, kidudu chake kinaweza kulala ndani yako miaka bila dalili. Walinzi wanakizuia. Angejua, angenichunguza zaidi na kunipa kwanza dawa ya kukimaliza kingali kimelala, ndipo aniguse vidole. Mimi niliwapunguza walinzi huku adui akiwa ndani, nikamfungulia mlango kwa mkono wangu.

Alisimamisha ile dawa. Nilitibiwa kifua kwa miezi mingi, ini nalo likipona polepole. Furaha alipimwa, hakukutwa mgonjwa, akapewa dawa ya kumkinga. Lakini katika miezi hiyo viungo vyangu havikuwa na kitu cha kuvituliza. Nilipoanzishiwa tena dawa ya vidole, safari hii kwa utaratibu wake wote, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwisha kupinda. Havinyooki tena. Mashine ambayo Baba Furaha aliibeba kichwani kutoka Rutshuru, sasa Furaha ndiye anayeikanyaga, nami nakata vitambaa kwa mkono wa kushoto.

Je, Mama Sifa aliniomba msamaha? Hapana. Alisema kwa majirani kwamba sikumuua kaka yake kwa sumu, nilimuua kwa kunyamaza. Alitutoa nyumbani mwake siku ile ile ya karatasi, godoro na sufuria tukavikuta nje. Lakini hakumzuia Furaha. Alisimama mlangoni, akamwambia, "Fuata mama yako." Tukahamia mtaa wa Mapendo. Tukikutana sokoni, anageuza uso. Nilimtumia ujumbe kwamba yeye na wanawe nao wapimwe. Nasikia walienda... Hilo linanitosha.

Ndugu yangu, dawa hizi si adui. Zimerudisha wengi kazini, na mimi nazimeza hadi leo. Usiziogope, wala usiziache mwenyewe bila kumwuliza daktari. Ogopa tu kuingia kwake na mdomo wa kuazima. Yule aliyekusindikiza anakupenda au anakuchukia, lakini mwili unaopewa dawa ni wako. Kuficha aibu ya aliyekufa hakumponyi tena, ila kunaweza kukuzika wewe.

Basi fanya hivi. Tafuta karatasi zote za hospitali zilizo nyumbani, zako na za uliolala nao chumba kimoja, hata waliokufa. Ukiingia kwa daktari, mwombe garde-malade wako atoke nje kidogo. Kisha mwambie daktari kwa mdomo wako nani alikohoa kwenu, na usimeze kidonge cha kwanza kabla hajaiona radio yako.