Nimemchoka Huyu Mwembamba

Mwisho wa mwezi hakuna mtu mwenye akili zake anayekwenda kununua kompyuta, lakini fundi wetu alikwenda. Duka lilikuwa limefurika. Watu walibanana mbele ya meza za vioo, kila mmoja akibonyeza kitu asichokijua, na feni ya darini ilizunguka bila kumkausha mtu jasho. Akapenya katikati yao na gauni lake la zambarau, alilolishona mwenyewe na kulikata vizuri kiunoni, maana alikuwa mwembamba na alijua kuutumia wembamba wake. Masikioni alivaa hereni zinazometameta. Mkononi alishika kipande cha kitambaa cha rangi ya damu ya mzee.

Alikuwa fundi wa sare. Miaka yote alichora kwenye karatasi na kupiga hesabu kichwani, na kazi zilikwenda. Sasa hoteli kubwa ya mjini ilikuwa imemwita akaonyeshe michoro ya sare za wafanyakazi wote, kuanzia mapokezi hadi jikoni, na kwa watu wale huwezi kutoa karatasi iliyokunjwa kutoka kwenye mkoba.

Wauzaji wa duka lile walivaa mashati ya bluu. Akamwona mmoja mrefu, shati la bluu, kitambulisho shingoni, akamgusa bega.

"Samahani kaka, nataka kompyuta ya biashara. Ya kupakata."

Yule bwana akageuka. Hakuwa muuzaji hata kidogo. Alikuwa mpima viwanja, kaja kujitafutia kompyuta yake mwenyewe, na angeweza kusema hivyo mara moja. Ila alipouona uso ule, ulimi ukamgeuka.

"Biashara gani, dada?"

"Nashona sare. Nataka nichore humo, nipige hesabu humo, na nimwonyeshe mteja bila aibu."

"Utaiweka mezani au utatembea nayo?"

"Natembea. Wateja wangu wakubwa hawaji, nawafuata."

"Basi isiwe nzito, na ikae na chaji. Ukifika kwa mteja ukaanza kuuliza umeme uko wapi, ushakuwa ombaomba."

Fundi akacheka, kisha akaonyesha moja ya rangi ya fedha, nyembamba, inayometa kama kijiko kipya. "Na hii je?"

"Hiyo usiiguse! Hiyo ni ya kupigia picha. Kumbukumbu yake ndogo, ukifungua michoro miwili wa tatu unaganda. Kompyuta ya kazi haiangaliwi sura. Unauliza ndani ina nini, dhamana yake ni ya muda gani, na ikiharibika vipuri vyake vinapatikana."

"Kaka, unauza au unafukuza wateja?"

"Nakupenda mteja wangu, ndiyo maana."

Fundi naye hakuwa wa kubebwa hivihivi. Akatoa flashi kwenye mkoba, ndani yake mlikuwa na picha ya kile kitambaa alichokishika, akataka ifunguliwe kwenye kila kompyuta. Akawa anaweka kitambaa ubavuni mwa kioo na kukodoa macho. Kwenye ya kwanza damu ya mzee ikageuka kahawia. Kwenye ya pili ikawa waridi, ile ya kitoto. "Nikimwonyesha meneja hii, nikaja kumletea sare za rangi nyingine, si atanifukuza?" Ya nne, nyeusi, iliyojaa kidogo, ikaonyesha rangi ileile. Mpima viwanja alisimama akimtazama mdomo wazi, maana hilo la rangi hakuwa amelifikiria maishani mwake.

"Nachukua hii," fundi akasema. "Nipunguzie."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Niitie bosi wako."

Bosi akaja, mtu mzima mwenye kitambi na miwani juu ya paji. Akawatazama wote wawili. "Dada, huyu ni mteja kama wewe. Tangu asubuhi anazunguka humu, hajanunua hata waya."

Watu wa karibu wakaangua kicheko. Fundi akajishika kiuno. "Kumbe umenidanganya!"

"Hukuniuliza."

"Haya, mtaalamu. Wewe unachukua ipi?" Akaiokota ile nyembamba ya fedha, akamwekea mikononi, akarudi nyuma kidogo kumkagua kama anayemvisha koti. "Mbona hii inakupendeza! Umekuwa meneja."

Basi mtu yule, aliyekuwa ametoa hotuba nzima kuhusu sura na kazi, akaenda kaunta akailipia ile ya fedha. Na namba ya simu ya fundi akaondoka nayo.

Mapenzi yao yalianzia kwenye maswali ya kompyuta. Fundi alipiga simu kuuliza jinsi ya kukuza mchoro, wakamaliza wakizungumzia utoto wao.

"Fundi wangu, umelala?"

"Bwana Vipimo, nitalalaje na wewe unanipigia kila nikifumba macho?"

"Nilitaka kujua kama kompyuta inakusumbua."

"Kompyuta hainisumbui. Kuna mtu ndiye ananisumbua."

"Nani huyo nimshughulikie?"

"Mrefu, shati la bluu."

Walikubaliana kwamba kazi zao ni moja, yeye anapima ardhi na mwenzake anapima watu, tofauti ni kwamba ardhi haijikazi tumbo ikipimwa. Fundi alicheka sana siku hizo. Lakini moyoni alikuwa na woga wake. Mwanamume aliyewahi kumchumbia alimwacha kwa kusema kwamba ni mzuri wa kutembea naye, ila si wa kuishi naye, kelele na kazi zake zimemchosha. Maneno yale hayakuwahi kumtoka. Ndiyo maana mpima viwanja alipomwambia kwamba amepata kazi ya kupima barabara mpya, mbali sana, karibu mwaka mzima, fundi alijitia kufurahi, kisha akaenda chumbani akalia. Alitaka aambiwe jambo kabla ya safari ile. Akawa anasubiri.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kumvuta sikio huyu mpima viwanja. Alikuwa na tabia aliyoificha tangu siku ya kwanza: kwake yeye mashine zote ni watu. Gari lake "anakohoa". Printa ya ofisini "amenuna leo". Ile kompyuta ya fedha ilikuwa "huyu". Shemeji yake, mke wa kaka yake, alishamwonya kwamba mwanamke yeyote akimsikia atamwona chizi, kwa hiyo mbele ya fundi alijibana na kusema "hii" na "ile" kama watu wengine. Akiwa peke yake, wapi!

Na ile kompyuta ilikuwa imemtia adabu. Akifungua ramani mbili inachemka, feni yake inalia ofisi nzima. Akaamua kuirudisha kabla ya safari, ila aliona haya kumwambia fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeisifia.

Siku hiyohiyo hoteli ikampa fundi kazi. Meneja alikuwa ameiangalia ile damu ya mzee kwenye kioo, akakiangalia kitambaa, akasema, "Tuanze." Fundi hakupiga simu. Alitaka kuuona uso wa mpenzi wake akipewa habari. Akapanda ngazi za ofisi akiwa na lile gauni lake la zambarau na hereni zake, moyo juu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mpima viwanja alikuwa dirishani, kampa mgongo, anaongea kwa simu na muuzaji wa lile duka la kompyuta.

"Nimemchoka huyu mwembamba, kaka. Sura nzuri, sikatai. Anameta, nikiwa naye kila mtu anageuka. Lakini kumpa kazi kidogo tu, joto! Kelele! Kuishi naye siwezi." Akasikiliza, akacheka. "Safari? Naanzaje kusafiri naye! Namrudisha alikotoka, wiki hii hii. Yule mnene bado yupo? Niwekee. Mimi nataka wa kazi." Akasikiliza tena, safari hii akashusha sauti. "Hajui bado. Nitamwambia mwenyewe polepole, sitaki aumie."

Fundi alishuka ngazi bila kukumbuka alivyoshuka.

Kuanzia hapo simu ikaita, ikaita, haikupokelewa. Mpima viwanja akatuma ujumbe, akatuma mwingine, akaanza kujikagua kama amemkosea mtu usingizini. Mwishowe fundi akapokea, kwa sababu alikuwa na neno lake.

"Mpenzi wangu, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nenda kamchukue mnene wako."

"Mnene gani?"

"Yule wa kazi. Uliyesema uwekewe."

Mpima viwanja akashusha pumzi. Kumbe ni hilo tu! Muuzaji kamchongea. "Ah, umeshajua? Basi afadhali, maana nilikuwa sijui nianzie wapi. Nisamehe. Kusema kweli, tangu siku ile ya dukani nilijua nimekosea kuchagua. Macho yalinidanganya."

"Unaniambia hivyo bila hata aibu?"

"Sasa niseme uongo? Hata wewe usingevumilia zile kelele."

Simu ikakatwa. Mpima viwanja akaitazama, akashangaa jinsi mwanamke anavyoweza kuipenda kompyuta ya mtu mwingine kiasi kile.

Fundi akarudi kwenye meza yake ya kukatia na hasira zake zote. Alikuwa na vitambaa vya hoteli vya kukata na machozi ya kufuta, akafanya vyote kwa pamoja. Mkasi ukapita kwenye kitambaa, ukapita na kwenye waya wa chaji ya kompyuta. Tap! Akaketi chini akalia vizuri sasa. Kisha akanawa uso, akavaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi na sketi nyeusi, mavazi ya mtu asiyetaka kuulizwa, akaenda dukani kununua chaji nyingine.

Alipofika kaunta akamkuta. Shati lilelile la bluu, mgongo uleule. Akataka kugeuka, lakini watu walikuwa wameshamzibia njia nyuma.

"Nimemleta huyu," mpima viwanja alikuwa akimwambia muuzaji. "Nimemvumilia vya kutosha. Mwembamba, mzuri wa sura, basi. Jana amenizimikia katikati ya ramani." Akafungua mkoba, akaitoa kompyuta ya fedha, akaiweka juu ya kaunta.

Muuzaji akaipindua huku na huku. "Na yule mnene nimekuwekea. Fundi umeshamwambia?"

"Nimemwambia. Amekasirika, hata simu hapokei. Kwa kompyuta tu, kaka! Mimi nitampata wapi mwingine kama yule? Jumatatu naondoka, na sitaondoka moyo wangu ukiwa hivi."

Nyuma yake kukatoka sauti ndogo. "Huyu... ndiye huyu?"

Akageuka. Fundi alikuwa ameinyooshea kompyuta kidole, macho yamejaa maji.

"Huyu nani?" mpima viwanja akauliza.

"Mwembamba. Mwenye kelele. Wa kurudishwa alikotoka. Nilikuwa mlangoni kwako siku ile. Nilisikia yote. Nilijua ni mimi."

Ilimchukua mpima viwanja muda kuelewa. Alipoelewa, rangi ilimtoka. "Wewe? Mimi nikuseme wewe hivyo?"

"Sasa nani anaita kompyuta 'huyu'?"

"Huyu bwana," muuzaji akadakia. "Kila mara. Gari lake ukimsikia anavyomwongelea utadhani ni mjomba wake."

Fundi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kaunta, machozi yakimtiririka, na watu kwenye foleni wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Kisha kicheko kikamwisha, akabaki na yale machozi.

"Nilikuja kukwambia hoteli wamenipa kazi," akasema. "Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua. Nikasikia maneno yaleyale niliyowahi kuachwa nayo, nikaamini mara moja, hata sikukuuliza. Nisamehe. Naogopa sana kukupoteza."

"Mimi ndiye wa kuomba radhi. Nilikuficha jambo dogo, likawa kubwa." Akamshika mikono yote miwili, mbele ya foleni nzima. "Sikiliza, mpenzi. Hiyo kompyuta niliinunua kwa kuwa ulisema inanipendeza. Ungenisifia ndoo ningenunua ndoo. Kelele zako nazipenda, kazi yako naipenda, na kuishi na wewe ndiko ninakokutaka. Nikirudi kutoka barabarani, nije kwenu na kaka yangu?"

Fundi akatikisa kichwa. "Ukirudi, hapana."

Uso wa mpima viwanja ukaanguka.

"Njoo kabla hujaondoka. Mwaka mzima nikae nangoja nini?" Akatoa simu, akabonyeza. "Mama, Jumapili msitoke. Kuna mgeni."

Sauti ya mama ilisikika hadi upande wa pili wa kaunta. "Mgeni wa kuja kufanya nini?"

"Nakupa, akwambie mwenyewe."

Mpima viwanja akaipokea simu kwa mikono miwili. Muuzaji akaiacha kompyuta mezani. Foleni yote ikanyoosha shingo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi ni... ninapima viwanja. Nampenda binti yako. Nataka kuja kuomba kumwoa."

Fundi akafumba macho.

"Mtakuja wangapi, mwanangu?" mama akauliza.