Duara la Vidole Gumba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Penseli alitunga uzi kwenye sindano kumi za Mzee Fundi, mshona viatu wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na jina hilo la utani alilipata kwa sababu penseli haikuondoka nyuma ya sikio lake. Mzee Fundi alikuwa na jicho moja. Mahali pa lile la kushoto palikuwa na kovu lililojikunja kama kitovu. Kushona aliweza, lakini kupitisha uzi kwenye tundu la sindano kulimshinda.

Aliyemtuma ni Babu. "Nenda katunge sindano," alisema kila siku, hata siku za mvua. Penseli aliwahi kumuuliza jicho la Mzee Fundi lilipatwa na nini.

"Waya ulimrukia kiwandani," Babu alijibu, akageukia ukuta.

Kiwanda hicho kilikuwa cha magunia, mwisho wa mtaa. Wazee hao wawili walifanya kazi humo ujanani, na sasa Mama ndiye aliyeshona midomo ya magunia humo. Msimamizi wao walimwita Filimbi, kwa filimbi aliyoining'iniza shingoni. Akiipuliza mara moja, ongeza kasi. Akiipuliza mara mbili, kuna mtu anapigwa. Ijumaa moja Mama alirudi na mistari mitatu ya fimbo mgongoni, imevimba na kupasuka, kwa kosa la kusimama kunywa maji.

"Nikande taratibu," alimwambia Penseli, "na usimwambie Babu."

Penseli alimkanda kwa maji ya moto, kisha akachukua karatasi. Alichora kupe mwenye filimbi mdomoni, tumbo limejaa damu, amempanda ng'ombe aliyekonda. Ng'ombe alifunga kitambaa kichwani kama wanawake wa kiwandani. Akaupaka mchoro wino mweusi wa kupigia chapa magunia, aliopewa katika kikopo na Kaka Wino, kijana mpiga chapa. Chini akaandika:

Kupe kanenepa kweli, ng'ombe kabaki mifupa.

Jina lake hakuliandika.

Jumamosi asubuhi aliubandika kwenye lango la kiwanda, akajificha nyuma ya mkokoteni kando ya barabara. Wafanyakazi walipofika, mmoja alisimama, wa pili akasimama, na punde watu wakawa wanashikana mabega kwa kicheko.

"Mchoraji kamwonea," alisema mwanamke mmoja.

"Kamwonea nani, Filimbi?"

"Kamwonea kupe."

Filimbi ikalia mara mbili. Kicheko kikakatika. Filimbi alitazama mchoro, akatazama wino, kisha akatazama mikono ya watu mmoja mmoja. Alisimama mbele ya Kaka Wino.

"Mikono hii ndiyo iliyochora."

"Bosi, mikono hii hata yai haiwezi kulichora."

Walinzi wawili wakamwangusha. Kirungu cha kwanza kilitua begani. Cha pili kilitua mkononi, na Penseli akasikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Wakampiga teke la mbavu, wakampiga la mdomo. Kaka Wino aliinua uso wenye damu, akamwona Penseli nyuma ya mkokoteni. Alijua kikopo cha wino alimpa nani. Akainamisha macho, akatema jino, hakusema neno. Wakamburuta hadi stoo.

"Utakaa humo mpaka useme," alisema Filimbi. "Na kila saa nitakuja kuuliza."

Penseli alikimbia mpaka kwa Mzee Fundi. Kwa mazoea tu akashika sindano. Uzi ulipita kando ya tundu mara tano, na mara ya sita sindano ikamchoma kidole.

"Mkono wako leo una neno," alisema Mzee Fundi. "Liseme."

Akalisema lote. Mzee Fundi akaweka chini kiatu alichokuwa akikishona.

"Mjukuu wangu, hili jicho unajua lilikwenda wapi?"

"Babu alisema ni waya."

"Babu yako huona haya. Enzi zetu tulikuwa na chama cha wafanyakazi. Tuliitana ndugu, na tulitaka kiwanda kiwe mali ya wanaokitolea jasho. Tulipogoma, babu yako alichora meneja akiwa kupe, akabandika bila kuweka jina. Nikakamatwa mimi, kwa kuwa nilikutwa na brashi. Walinifungia katika stoo hiyohiyo. Siku ya kwanza nilikuwa na macho mawili. Siku ya nne babu yako alikuja akasema ni yeye. Jicho lilitoka siku ya tatu."

Penseli aliiweka sindano chini.

"Ndipo chama kikaweka sheria. Hakuna mchoro unaobandikwa mpaka kila mmoja ameweka alama ya kidole gumba kuuzunguka. Duara halina wa kwanza wala wa mwisho. Wakitaka kupiga, wapige wote, waone nani atawashonea magunia." Akamtazama kwa lile jicho moja. "Kwa huyo kijana wa wino, leo ni siku ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Basi bado ana macho mawili. Hapa umekaa kufanya nini?"

Penseli akainuka. Babu alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, amesikia yote. Alivuka barabara, akachukua kikopo cha wino nyumbani, na wazee wawili wakamfuata mtoto hadi kiwandani.

"Ni mimi niliyechora," Penseli alimwambia Filimbi langoni. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilifika.

"Katoto kama wewe?"

Penseli akachovya kidole kwenye wino, akamchora kupe upya palepale kwenye bati la lango: tumbo, miguu, filimbi. Kofi la Filimbi lilimkuta kabla hajamaliza mguu wa mwisho. Akaanguka, pua ikimwaga damu. Akainuka, akaumaliza mguu.

Babu akaweka kidole gumba chenye wino kando ya mchoro. "Na mimi," alisema. "Miaka arobaini nimechelewa."

Kirungu cha mlinzi kikamgonga Babu kiwiko. Mzee Fundi akaweka kidole chake. "Na mimi. Nimebakisha jicho moja, nalo mnalitaka?"

Ndani, cherehani moja ikanyamaza. Ilikuwa ya Mama. Alitoka, akamwona mwanawe na damu, akamsukuma Filimbi kifuani mpaka akayumba, kisha akachovya kidole. Cherehani ya pili ikanyamaza, ya tatu, ya kumi. Wanawake walitoka wamefunga vitambaa vyao, wakapanga foleni mbele ya kikopo. Mlinzi aliinua kirungu, akatazama foleni, akashindwa aanze na nani. Akakishusha.

Meneja alishuka kwa sababu ya ukimya. Alikuta duara la alama sitini na tatu langoni, na ndani hakuna hata gunia moja linaloshonwa.

"Mnataka nini?"

"Stoo ifunguliwe," alisema Mama. "Na fimbo itoke humu."

Stoo ikafunguliwa. Kaka Wino alitoka akiwa ameubeba mkono mmoja kwa mwingine, midomo imevimba, macho yote mawili mazima. Penseli alimwomba radhi akilia. Kaka Wino alichovya kidole gumba cha mkono mzima, akakibandika kwenye duara.

"Nilisema sijui kuchora," akamwambia. "Hili naweza."

Wiki iliyofuata Filimbi aliondolewa kiwandani, yeye na fimbo yake. Kaka Wino alirudi kazini na plasta mkononi. Na Jumatatu ya wiki hiyo, asubuhi, kwenye kibanda cha viatu, palikuwa na watunga sindano wawili, Penseli na Babu.

"Kuchora hukukosea," Mzee Fundi alimwambia Penseli. "Ulikosea kujificha. Anayetupa jiwe gizani hajui litamwangukia nani. Ukweli ukisemwa mapema huokoa jicho la mwenzako. Ukichelewa, humpunguzia mzigo yule anayeusema tu. Muulize huyu." Akampa Babu sindano nyingine. "Tunga, ndugu. Bado nne."