Anayesaga Ijumaa Jua Likizama

Pale Busawe, ukisaga nafaka Ijumaa jua likishazama, usijisumbue kujificha. Kabla hujakung'uta unga, Mama Kezia ameshajua, na akijua Mama Kezia kanisa zima limejua. Kwa hiyo jioni ile aliposikia jiwe likisaga nyumbani kwa jirani yake Mzee Nikodemo, Sabato imeshafunguliwa na watu wanaimba, alidhani masikio yanamdanganya. Nikodemo alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na mbili. Tena aliishi peke yake tangu afiwe na mkewe, na katika maisha yake yote hakuwahi kusaga hata kibaba cha wimbi.

Jumapili Mama Kezia alikwenda kumwamkia. Alianzia mbali, kwenye mvua na bei ya ng'ombe, mpaka akafika kwenye jiwe. Nikodemo alicheka akasema labda ni panya. Alicheka kwa sababu aliogopa, maana na yeye alikuwa amesikia.

Jiwe lilikuwa la marehemu Modesta. Wenzake walishahamia mashine ya pale senta, yeye akakataa, akidai mashine inaunguza wimbi. Alisaga kila siku isipokuwa moja. Ijumaa alimaliza mapema, akaliegemeza jiwe kwenye ukuta wa jiko, kile kijumba cha nyasi nyuma ya nyumba, akanawa mikono, asiliguse tena mpaka Jumamosi jua lizame. Miezi minne ilikuwa imepita tangu wamzike kando ya migomba, hatua ishirini kutoka jikoni, na tangu siku ile Nikodemo alikuwa ameufunga mlango wa jiko kwa komeo.

Lakini kilichomkosesha amani mzee huyu hakikuwa jiwe, kilikuwa swali. Siku tatu kabla ya kufa, Modesta alimshika mkono, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Baba Gati, una hakika tutaonana?"

Gati ni binti yao, ameolewa Kerende. Siku hiyo hakuwepo, walikuwa wawili tu chumbani. Nikodemo, aliyekuwa amehubiri ufufuo kwenye misiba ya kata nzima, alipapasa moyoni mwake akitafuta hiyo hakika, na hakuikuta. Akamwambia mkewe asimpe Shetani nafasi. Kisha akaanza wimbo, akaimba kwa nguvu ili asiulizwe tena, mpaka Modesta akageukia ukutani. Hakumsemesha mumewe hadi alipokata roho, na jambo hilo lilimuuma Nikodemo kuliko kifo chenyewe.

Ijumaa ya pili alikaa sebuleni, Biblia magotini, akisubiri. Jua lilipoingia nyuma ya vilima, ikaja kwanza harufu ya wimbi uliokaangwa, halafu jiwe. Kwaruu, kwaruu, taratibu, kwa mwendo ule ule wa Modesta, wenye kituo kidogo kila baada ya mara saba pale alipokuwa akifuta jasho. Nikodemo hakutoka. Asubuhi alifungua komeo, akakuta jiwe limelazwa katikati ya jiko, lina joto kama mtu aliyetoka kulala. Juu yake palikuwa na unga mwekundu. Aliusugua vidoleni akajua kuwa si wimbi, ni udongo. Alipokwenda kwenye migomba aliona kaburi limebonyea upande wa kichwani, kama vile mtu amechota kwa mikono miwili.

Kaka yake mkubwa, Werema, ambaye kanisa alilisikia kwa mbali tu, hakuona fumbo lolote. "Mura, mdogo wangu, mke wako ana njaa," alimwambia. "Chinja mbuzi, yaishe." Vijana wa bodaboda walisema ni jini lililotoka kwenye mashimo ya dhahabu Nyamongo, linatafuta makao. Nikodemo aliwasikia wote. Kanisani walifundisha kwamba aliyekufa amelala, hajui lolote mpaka siku ya parapanda. Kama ni Modesta anayesaga, basi yote aliyoyahubiri ni uongo. Kama si Modesta, itabidi akemee sauti ya mke wake. Lililomtia aibu ni kwamba alitamani awe ni yeye.

Ijumaa ya tatu alisimama nje ya mlango wa jiko kabla jua halijazama. Jiwe lilipoanza, migomba haikutikisika, kuku walikuwa wameshaingia bandani mapema kuliko desturi, na ile harufu ilimjia puani nzito mpaka mate yakamjaa mdomoni. Kisha jiwe likapunguza mwendo, na nyuma ya mlango, karibu kabisa na ubao, mtu akavuta pumzi.

"Baba Gati. Una hakika?"

Swali lile walilijua watu wawili, na mmoja wao walimzika.

"Modesta," alinong'ona, "leo ni Sabato. Mbona unasaga?"

"Huku hakuna Sabato. Huku hakuna kitu, Baba Gati, na wewe ulijua, ndiyo maana uliimba. Sema tu kwamba hakuna kitu, halafu unifungulie."

Naye akajikuta ameshika komeo bila kukumbuka ni saa ngapi aliunyoosha mkono, na chuma kilikuwa na joto, na sauti ilikuwa ya Modesta hata ule mkwaruzo wa mwisho wa ugonjwa ulikuwemo, na alichokitaka duniani ni kufungua aombe msamaha, liwalo na liwe, na neno lile "hakuna" lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi, na lingetoka kama Mama Kezia asingeanza kukohoa upande wa pili wa ua, akijifanya anafukuza mbuzi. Nikodemo aliachia komeo. Kiganja chake kilikuwa kimeungua.

Jumatatu alikwenda kwa Mchungaji Ezekiel. Huyu alikuwa mtu imara. Mwaka jana alimzika mwanawe wa kwanza na kuhubiri mwenyewe kaburini bila kutoa chozi, na watu wakasema hiyo ndiyo imani. Alimsikiliza Nikodemo mpaka mwisho, akasema ni pepo, na pepo haliingii penye imani. Yeye tangu abatizwe hajawahi kuwa na shaka, hata la ukubwa wa punje ya wimbi. Ijumaa angekuja alifukuze.

Akaja kweli, na Mama Kezia na washirika wengine watano, wakiimba. Jua lilizama, jiwe likaanza. Mchungaji alinyoosha mkono akaamuru pepo litoke kwa jina la Yesu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, jasho likimtiririka. Jiwe halikukosea hata mara moja. Kisha ile sauti ikasema kwa upole, "Mwulizeni Nikodemo kama ana hakika."

Wote wakamgeukia. Mama Kezia alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga, maana Modesta alikuwa shoga yake na sauti aliitambua.

Nikodemo alikuwa amechoka kuimba. Aliwasimulia palepale: mkono alioshikwa, swali, wimbo, mkewe kugeukia ukutani. Mchungaji akamwambia chini chini anyamaze, asiwavunje washirika moyo. Hakunyamaza. Aliusogelea mlango.

"Kama ni wewe Modesta, nisamehe. Ulistahili jibu. Jibu langu ni kwamba sina hakika. Natumaini tu, na hilo tumaini siliachi." Akaweka kiganja kwenye ubao. "Lakini wewe unayesema huko hakuna kitu, na mimi nina swali. Kama hakuna kitu, ni nani anayesema na mimi? Na mbona unahitaji nikufungulie?"

Jiwe likasimama.

Walisubiri mpaka kiza kikaingia vizuri, hakuna aliyethubutu kusogea. Harufu ya wimbi ilikatika ghafla, ikabaki ya majivu ya zamani. Mama Kezia ndiye aliyefungua komeo. Ndani hapakuwa na mtu, palikuwa na udongo mwekundu umerundikwa juu ya jiwe, na Nikodemo aliubeba wote kwa karai akaurudisha kaburini, akilia waziwazi. Mchungaji hakumshika bega. Alisema pepo limetoka kwa jina alilolitaja yeye, na kwamba mzee wa kanisa hasemi "sina hakika" mbele ya kundi, kwa hiyo Nikodemo apumzike kwanza kusimama mimbarini. Akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Ijumaa iliyofuata Nikodemo alifungua Sabato peke yake. Jua lilizama, jiko likawa kimya. Alishukuru, na palepale akaona upweke, maana hata sauti ya uongo ilikuwa sauti. Alikuwa anafunga dirisha aliposikia. Kwaruu, kwaruu. Haikutoka jikoni kwake. Ilitoka ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya bati ya Mchungaji Ezekiel, ambapo hapajawahi kuwa na jiwe la kusagia. Na juu ya sauti hiyo mwanamume alikuwa akiimba wimbo kwa nguvu, ubeti juu ya ubeti, bila kupumua.

Nikodemo aliujua uimbaji huo. Alivaa koti, akavuka barabara, akabisha. Wimbo ukazidi. Akauweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Mchungaji, ni mimi Nikodemo. Sijaja kukuhukumu." Jiwe ndani lilipunguza mwendo, kana kwamba nalo linasikiliza. "Mwanao amekuuliza nini?"