Herufi Zilizofanana Mno

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia karakana ya shangazi yake, fundi wa mabango, akamsaidia kuosha brashi. Wenzake walimbandika jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Karakanani ndiko alikojifunza mwandiko wa brashi: herufi nene zikishuka, nyembamba zikipanda, kama za mtu anayeandika huku anacheka.

Mwalimu wa sanaa alipotangaza shindano la bango la usafi, Chiriku aliona ushindi u mfukoni. Sharti lilikuwa moja: mwanafunzi apake rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya kukusanya mabango, Mpole, jirani yake wa dawati, alikunjua lake. “Nawa mikono kabla ya kula.” Chiriku alikodoa macho. Herufi “a” zote sita zilifanana kama mapacha! Mkono gani wa mtu huandika hivyo? Tena jana alimwona Mpole akitoka duka la kuchapisha, karatasi kaificha ndani ya sweta.

“Jana ulikwenda wapi?” alimuuliza.

“Nilitumwa tu,” Mpole alijibu, akilifunika bango kwa kiwiko.

Kumbe! Chiriku akamnong’oneza mwenzake wa dawati la mbele: “Bango la Mpole limechapwa na mashine.” Kufikia mapumziko, darasa zima lilikuwa linamwita Mpole mwizi wa herufi. Naye aliinamia dawati, mabega yakimtikisika.

Mwalimu alipozisikia habari hizo, alimwita shangazi yake Chiriku aje kulikagua bango. Shangazi alipitisha kidole juu ya herufi polepole.

“Umbo ni la kompyuta,” alisema. Chiriku akatabasamu. “Lakini rangi ni ya mkono. Tazameni, unywele wa brashi umenasa hapa. Mashine haina nywele.”

“Nilichapisha maneno, nikayafuatisha kwa penseli, ndipo nikapaka rangi,” Mpole alisema. “Mwandiko wangu mbaya. Niliona aibu kusema.”

“Kufuatisha sikukukataza,” mwalimu alisema. Akalitangaza bango la Mpole mshindi, akalitundika mlangoni.

“Na langu?” Chiriku aliuliza kwa unyonge.

“Kwenye bango lako, hatua za kunawa umeziandika kwa mwandiko uleule wa brashi, ndogondogo,” mwalimu alimjibu. “Watoto wa darasa la kwanza niliowaonyesha wameshindwa kuzisoma. Mwandiko huo ni wa kuwaita watu. Maelezo yanataka herufi za kawaida.”

Chiriku alisimama, uso ukimwaka. “Jamani, nilisema nisilolijua. Mpole hakuiba. Nisamehe, mwenzangu.”

Mpole alijifuta machozi, akaitikia kwa kichwa. Kisha akasogea, akampisha akae.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, shangazi alimshika bega. “Jicho lako halikukosea, mwanangu. Uliona herufi za kompyuta, na kweli zilikuwa za kompyuta. Kosa lilianza ulipojaza kwa kukisia yale usiyoyaona, kisha ukayatangaza. Ukimshuku mtu, muulize yeye waziwazi na umsikilize, kabla hujamwambia mwingine. Jina la mtu likishachafuliwa, hakuna maji ya kulisafisha kwa siku moja.”